Dunia Aliyoiacha Kibirizi

Mei 2015 Warundi walimiminikia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, ambako wakati ule gari lilikuwa halifiki. Kwao kulikuwa kumechafuka tangu Rais Pierre Nkurunziza atangazwe kugombea muhula wa tatu, na watu walivuka mpaka kwa miguu, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Walilala ufukweni kwa maelfu mpaka kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa ilikuwa maji, na meli iliyowabeba ni Liemba, ile ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913. Iliwashusha Kigoma mjini, wakapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika kusubiri mabasi ya kwenda Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Uwanjani hapo alikuwapo kijana wa Kibirizi, hapo hapo Kigoma, miaka 25, ana shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa kutoka Dar es Salaam na hana kazi. Muuguzi mmoja jirani yao ndiye aliyemwita: njoo utusaidie, hatusikilizani na wageni. Yeye ni Muha, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Alipokwama, alijazia kwa Kiswahili cha Uvira na Kalemie alichokiokota utotoni kwa wateja wa baba yake, mfanyabiashara wa dagaa na mawese.

Aliwekwa kwenye meza ya usajili. Siku moja akaja mzee aliyejibu kila swali isipokuwa moja: anatoka tarafa gani Burundi. Akiulizwa hilo ananyamaza, au anataja jina kisha analibadili. Karani akaanza kumshuku. Kijana akamsogeza pembeni, wakakaa chini kwenye nyasi, na baada ya kitambo mzee akasema lililomkaba. Aliwahi kuishi Mtabila, kambi ya Warundi iliyokuwa Kasulu huko huko, mpaka ilipofungwa Desemba 2012 na wakazi wake kurudishwa kwao. Aliporudi alikuta shamba lina mwenyewe mwingine. Tangu hapo hakuwa na tarafa ya kuitaja, na alihofu kwamba jina lake likionekana kwenye orodha ya waliokwisha kurudishwa ataambiwa amegeuza ukimbizi kuwa biashara. Kijana akamweleza karani, karani akalibadili swali: si unatoka wapi, bali mara ya mwisho ulilala wapi kabla ya kukimbia. Mzee akasajiliwa. Na jioni hiyo hiyo swali hilo jipya lilifungua vinywa vya wengine waliokuwa wakinyamaza kama yeye.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu halikutajwa popote katika barua yake ya kuombea masta.

Barua niliiona. Nilimfundisha Historia sekondari, na tangu kidato cha tatu wenzake walikuwa wakimwita Balozi, kwa kuwa kwenye mdahalo hakuna aliyemweza. Alikuja nayo nyumbani imechapwa vizuri, kurasa mbili. Ilianza na kuanguka kwa Ukuta wa Berlin, ikapita kwenye ushindani wa Marekani na China, ikaishia kwenye NATO na Urusi. Nikamwambia, Uwanja wa Lake Tanganyika uko wapi humu? Akacheka. “Mwalimu, wale ni watu wakubwa. Ukiwapelekea habari za kambi watakuona mtu wa kambi.”

Hoja yake kuu ilikuwa Salim Ahmed Salim. Mzee yule alisoma masta hiyo hiyo ya masuala ya kimataifa, tena Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kweli. Lakini Salim aliingia darasani akiwa tayari balozi. Alipelekwa Cairo mwaka 1964 akiwa na miaka 22, akaenda New Delhi na Beijing, na kuanzia 1970 akaiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa. Shahada ile ilimkuta ameshakaa mezani na waliokuwa wakiandikwa vitabuni. Nilimweleza Balozi hivyo. Akasema zama zimebadilika, siku hizi bila masta hata mlango huuoni. Hapo hakukosea sana.

Pesa ndiyo ilikuwa mlima. Chuo kimoja cha London kilimkubali kuanza Septemba 2016 kwa ada ya pauni 17,000, zaidi ya shilingi milioni 45 za wakati ule, bila chumba wala chakula. Ufadhili ulikuwapo. Chevening, wa serikali ya Uingereza, hulipa ada, nauli na posho ya kuishi, lakini unamtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa saa zisizopungua 2,800, yaani kama miaka miwili, na arudi kukaa kwao walau miaka miwili baada ya masomo. Saa za kujitolea nazo huhesabiwa. Yeye alikuwa na wiki chache tu za uwanjani. Na wakati huo mashirika yalikuwa yakisaka watu Kasulu na Kibondo kuliko wakati mwingine wowote, maana Nyarugusu ilikuwa imefurika na kambi ya Nduta imefunguliwa upya. Angekaa kambini miaka miwili, saa zake zingetimia na Mwingereza mwenyewe angelipa. Aliiona miaka hiyo miwili kuwa ni kuchelewa.

Basi mzazi akauza. Mzee alikuwa na nyumba mbili za wapangaji Mwanga, Kigoma mjini, zikaenda zote, na mashine mbili za boti, na baba mdogo wa Kasulu akaongeza chake. Sharti la viza ni kwamba pesa itulie benki siku 28 mfululizo bila kuguswa. Mzee, ambaye maisha yake yote pesa hulala kwake usiku mmoja na asubuhi inageuka dagaa, hakuamini. “Siku 28? Hata maiti hatuiweki hivyo!” Lakini aliiweka.

Masta ya Uingereza ni ya mwaka mmoja, na hilo wengi wetu huliona ni unafuu. Ni unafuu kwa anayekuja na jambo lake tayari. Mihula miwili ya darasa, mitihani, kisha kiangazi cha kuandika tasnifu, umemaliza. Asiye na jambo atamaliza muhula wa kwanza akijifunza njia za mabasi na wa pili akijifunza namna ya kuuliza maswali kwenye semina. Zaidi ya hapo kuna kula. Viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na Balozi alizitumia zote kwenye ghala usiku, akibeba boksi kama walivyobeba Watanzania wengi kabla yake. Asubuhi anamsoma Thucydides na macho yamevimba.

Darasani waliokuwamo hawakuwa vijana watupu. Alikuwapo mwanajeshi aliyekuwa ametoka Afghanistan, mwandishi wa habari, maofisa wa wizara za nchi zao. Wote walisoma vitabu vile vile, Morgenthau, Waltz na wengineo, lakini wenzake walimpinga mwandishi kwa kitu walichokiona kazini. Balozi alimpinga mwandishi kwa mwandishi mwingine. Alisoma kuliko wote, na alama zake zilikuwa nzuri. Alikuja kuniambia kwamba mwaka mzima hakumbuki mtu aliyemgeukia na kumuuliza: wewe unasemaje?

Kuna mmoja aliyemuuliza. Msimamizi wake wa tasnifu alipoona mada, upanuzi wa NATO kuelekea mashariki, alimuuliza kwa nini asiandike juu ya Mkataba wa Arusha. Swali lilikuwa na maana kuliko Balozi alivyotaka kukubali. Mkataba ule wa amani ya Burundi ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 baada ya usuluhishi wa Mwalimu Nyerere, aliyefariki Oktoba 1999 kabla ya kuumaliza, na Nelson Mandela aliyeupokea. Ulisema mtu asikae urais zaidi ya mihula miwili. Wafuasi wa Nkurunziza walidai muhula wake wa kwanza wa 2005 hauhesabiki kwa kuwa alichaguliwa na Bunge, si na wananchi. Yaani watu waliojaa Uwanja wa Lake Tanganyika walikimbizwa na mabishano ya namna ya kusoma karatasi iliyosainiwa Arusha. Ni suala la kimataifa kama lilivyo lolote la NATO, na Balozi alikuwa amekaa nalo kwenye nyasi, uso kwa uso.

Msimamizi alimwambia, wa NATO hapa chuoni ninao tele, wa Kagunga sina hata mmoja. Balozi alikasirika. Aliona ametengewa kona yake ya Kiafrika wakati wenzake wanapewa dunia nzima. Simlaumu kwa kuumia. Wazungu wa vyuoni wana tabia hiyo kweli: Mjerumani anaweza kuandika juu ya Japani na hakuna anayeshangaa, ila Mtanzania ataulizwa kwa nini asiandike juu ya kwao. Lakini hasira yenye haki inaweza kukupeleka mahali pabaya vile vile. “Sikuja London kusomea Kasulu,” alimjibu. Akaandika NATO, akafaulu, na tasnifu yake ikakaa pamoja na nyingine nyingi za NATO za mwaka ule, bila faida ya Kirusi, wala ya kuwahi kufika Brussels, wala ya kumjua mtu yeyote huko.

Kasulu ilisomewa na mwingine. Darasani mlikuwa na dada wa Kidenmark aliyekuwa akisoma Kiswahili jioni. Alikuwa akimtafuta Balozi mgahawani na daftari. Alimuuliza habari za Kigoma, za Waha, za nani anamwelewa nani kwa lugha gani, na Balozi, mkarimu kama wengi wa kwao, alimpa yote, pamoja na yule mzee wa Mtabila. Dada akauliza, naweza kuliandika hili? Andika tu. Tasnifu yake ilikuwa juu ya wakimbizi wa Burundi wanaokimbia mara ya pili, na ilimalizika Septemba 2017, mwezi ule ule urejeshaji wa hiari wa Warundi kutoka Tanzania ulipoanza. Ukurasa wa shukrani umemtaja Balozi kwa jina. Kuna watakaosema ameibiwa. Mimi sisemi hivyo. Aliyechukua aliomba, na aliyetoa alidhani anatoa takataka.

Hapa lazima niseme na lile lisilokuwa kosa la kijana. Umoja wa Mataifa una nafasi za maofisa chipukizi, wenyewe huziita kwa kifupi JPO, ambazo mishahara yake hulipwa na serikali za nchi tajiri, na sehemu kubwa huenda kwa raia wa nchi hizo hizo. Denmark inawalipia Wadenmark. Tanzania haina fungu hilo. Kuna mtihani wa vijana wataalamu, YPP, wa wasiozidi miaka 32, lakini hufunguliwa kwa nchi zilizoalikwa mwaka husika tu. Na kuna mafunzo kazini katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, ambayo hayana mshahara. Mwaka 2015 habari ilizunguka dunia ya kijana wa New Zealand aliyekuwa mwanafunzi wa namna hiyo Geneva akilala hemani kando ya ziwa kwa kukosa kodi ya chumba. Balozi alipata nafasi kama hiyo baadaye, akampigia baba yake.

“Watakulipa ngapi?”

“Hawalipi, Baba. Ni uzoefu.”

“Na chumba?”

“Najitegemea.”

“Basi wewe ndiye unayewaajiri,” Mzee akasema, akakata simu.

Viza yake ilikuwa ikiisha na wakati ule Uingereza haikuwa ikiwapa wahitimu miaka miwili ya kutafuta kazi kama ilivyokuja kufanya mwaka 2021. Januari 2018 akarudi. Alikuta serikali ndiyo kwanza imetoka kwenye uhakiki wa vyeti uliowaondoa kazini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi mwaka uliotangulia, na hakuna ofisi iliyokuwa na hamu ya karatasi isiyokamilika. Yeye alikuwa na barua ya matokeo, kwa kuwa mahafali ya chuo chake yalikuwa bado. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda havitakubaliwa, na kwamba aliyesoma nje ahakikishe shahada yake imetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mistari hiyo ipo chini ya kila tangazo. Huko TCU alitakiwa kupeleka cheti chenyewe, ambacho kilikuwa bado London. Nafasi ya afisa mambo ya nje ikatangazwa na kufungwa yeye akisubiri bahasha.

Ikabaki Umoja wa Mataifa, na hapo ndipo lilipo kosa ambalo ningependa vijana walitazame kwa makini kuliko mengine. Kazi za mashirika hayo zimegawanyika. Kuna za kimataifa, ambazo kwa kawaida huanzia daraja la P-2, linalotaka mtu mwenye masta na walau miaka miwili ya kazi juu yake. Kuna za maofisa wa kitaifa na za wafanyakazi wa ofisi na uwandani, ambazo kwa kawaida hupewa wa nchi husika. Huko Mdenmark hagombei, Mkenya hagombei. Ni mlango uliotengwa kwa Mtanzania, na kwa kambi za Kigoma, hakuna aliyefaa kuupita kuliko Muha mwenye elimu. Maofisa wengi wa kimataifa wa Kiafrika walianzia huko. Kwa zaidi ya mwaka Balozi aliomba New York, Geneva, Vienna na Addis Ababa. Tangazo la Kasulu likitokea kwenye ukurasa, analipita. Masta ya London kwa kazi ya Kasulu, watu wangesema nini Kibirizi?

Watu wa Kibirizi walikuwa wakisema tayari.

Mwaka 2019 akaomba ya Kasulu, usaidizi wa ulinzi wa wakimbizi, kwenye shirika moja ambalo sitalitaja. Aliitwa. Alivaa suti yake ya London, akapanda basi alfajiri, na alipoingia chumba cha usahili akakuta watu watatu, wa pembeni akiwa yule dada wa Kidenmark, sasa JPO, Kiswahili kimenyooka. Walisalimiana kwa furaha ya kweli. Swali la tatu likawa la dada: utafanya nini ukikutana na mkimbizi anayekataa kutaja anakotoka?

Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na sina sababu ya kudhani ametia chumvi. Alianza na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na itifaki yake ya 1967. Akaenda kwenye uhusiano wa dola na raia, akamtaja Hannah Arendt. Dada akamtazama, akauliza tena polepole: “Wewe mwenyewe hujawahi kukutana na mtu wa namna hiyo?” Akajibu kwamba suala hilo limeandikwa sana. Wakaandika. Kisha akapewa karatasi yenye aya ya Kifaransa aitafsiri, kwa sababu maofisa wa Burundi na Kongo huandika barua zao kwa Kifaransa. Baba yake anaongea Kifaransa cha soko cha kumtosha kugombana na forodha ya Kalemie. Yeye alikuwa hajawahi kukitaka. Akairudisha karatasi nusu tupu.

Mzee wa Mtabila alimrudia kichwani akiwa ndani ya basi, wamekwisha kuipita Kasulu mjini.

Kazi alipewa binti wa huko huko mwenye stashahada ya ustawi wa jamii, aliyekuwa amefanya Nduta miaka mitatu kwa posho. Miaka michache baadaye nilisikia yuko Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, Dar es Salaam, chuo ambacho Tanzania na Msumbiji walikianzisha pamoja mwaka 1978 na ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Dk. Salim. Analipiwa na mwajiri.

Balozi siku hizi yuko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandari ya Kigoma. Simenti ya Bujumbura, bidhaa za Kalemie na Uvira. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, karatasi zimeongezeka badala ya kupungua, na anapenda kueleza ni kwa nini, kwa ufasaha ambao barua yake ya 2016 haikuwa nao. Anajifunza Kifaransa kwa karani wa Kikongo, wanalipana kwa chakula cha mchana. Ile miaka 32 ya YPP imempita. Amegundua pia kwamba Bujumbura, kando ya ziwa lile lile analoliona kila siku, ndiko yaliko makao ya Mkutano wa Kimataifa wa Nchi za Maziwa Makuu, na kwamba katibu mtendaji wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Liberata Mulamula. Jina la taasisi hiyo alilisikia kwa mara ya kwanza London, tena kwa yule dada.

Mdogo wake wa kike, muuguzi wa hospitali ya kambi, naye sasa anataka masta. Anasema ataandika juu ya wanawake wanaovuka mpaka wa Manyovu kuuza na kununua pande zote mbili, kwa kuwa anawatibu na anajua wanavyolala njiani. Balozi anamwambia akae kazini mwaka mmoja zaidi kwanza. Binti anamjibu kwamba saa zake 2,800 zilishatimia kitambo, kazihesabu. Wanabishana hivyo kila Jumapili barazani kwa Mzee, na Mzee huwaacha mpaka mada ifike kwenye ada.

“Omba kwa Mwingereza,” humwambia binti yake. “Mimi nimebakiza nyumba moja, na hiyo nalala.”